Nukta ya Tatu: Kuchora Mstari wa Mlinganyo kwa Mkono

Walimu, wazazi, na ninyi vijana mliokuja na madaftari yenu: karibuni. Nitaanza na mlinganyo kabla ya rula, kwa sababu grafu nyingi huwa zimeshaharibika penseli ikiwa bado mfukoni.

Tazameni mlinganyo huu: 2x + 3y = 12. Mlinganyo wenye herufi moja, kama 2x = 12, una jibu moja, ukilipata umemaliza. Huu wenye herufi mbili una majibu yasiyo na mwisho. Weka 3 mahali pa x na 2 mahali pa y: 6 na 6 ni 12, sawa. Weka 0 na 4, sawa. Weka 6 na 0, sawa. Weka 1.5 na 3, bado sawa. Hata −3 na 6: hasi sita jumlisha kumi na nane, unapata 12. Kuyaandika yote haiwezekani, lakini kuyachora yote inawezekana, tena kwa mvuto mmoja wa penseli. Mstari ndio orodha kamili ya majibu hayo. Nukta iliyolala kwenye mstari ni jibu. Nukta iliyo nje yake si jibu. Jaribu (4, 2): 8 na 6 ni 14, imezidi. Nukta hiyo utaikuta imekaa upande wa juu wa mstari, haiugusi.

Wazo hili la kutaja mahali kwa namba mbili, na kuugeuza mlinganyo kuwa umbo, lilianza kuenea Ulaya mwaka 1637 René Descartes alipochapisha kazi yake ya jometri. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alilifikia kwa njia yake mwenyewe miaka hiyohiyo. Faida yake ni kwamba swali la namba linaweza kujibiwa kwa jicho. Lakini jicho linajibu vizuri pale tu mchoro unaposema kweli, na mchoro wa mkono una njia nyingi za kusema uongo. Hizo ndizo nataka tuzipitie leo.

Kwanza, kwa nini majibu yanajipanga kwenye mstari mnyoofu, yasijikunje? Kwa sababu hatua ni ileile siku zote. Katika 2x + 3y = 12, x ikiongezeka kwa 3, ile 2x inaongezeka kwa 6. Jumla lazima ibaki 12, basi 3y inapungua kwa 6, yaani y inapungua kwa 2. Uwe karibu na sifuri au uwe kwenye elfu moja, hatua haibadiliki: kulia 3, chini 2. Ngazi ambayo vidato vyake vyote ni sawa haiwezi kupinda katikati.

Hatua ikibadilika njiani, mstari unapinda, na rula haina kazi tena. Kwa hiyo ukague mlinganyo kabla hujafanya lolote. Herufi zisiwe na kipeo: y = x² haimo. Zisiwe zimezidishana: xy = 6 haimo. Isiwepo hata moja iliyokaa chini kama kigawanyo: y = 3/x haimo. Milinganyo hiyo ina grafu zake nzuri zilizopinda, na mtu akiziunganisha nukta zake kwa rula anakuwa amechora kitu ambacho hakipo.

Vifaa ni vichache. Karatasi ya grafu ya kawaida ina miraba midogo ya milimita 2, na kila mitano inafanya sentimita 1. Rula iwe ndefu, sentimita 30, na ukingo wake uwe haujaliwa. Rula fupi hukulazimisha kuchora mstari vipande vipande, na kila kipande huwa na mwelekeo wake. Penseli ichongwe hadi ncha ichome. Hili wengi hulipuuza, nami nalisisitiza: nukta nono yenye upana wa milimita 2 inafunika mraba mdogo mzima, na ukiifunika hivyo hujui tena uliweka nini. Badala ya kuchovya kidoti, weka alama ndogo ya msalaba. Pale mikono miwili ya msalaba inapokutana ndipo mahali penyewe, na panabaki kuonekana hata baada ya mstari kupita juu yake.

Sasa jedwali. Jedwali linatangulia mihimili, yaani ile mistari miwili ya namba, wa x uliolala na wa y uliosimama, kwa sababu huwezi kujua mihimili iwe na urefu gani kabla ya kujua namba zinafika wapi. Tuchukue y = 4 − 3x. Chagua thamani tatu za x ambazo zimeachana: tuseme −2, 0 na 3. Andika jedwali lenye safu za kazi, usiruke moja kwa moja kwenye jibu: safu ya x, safu ya −3x, safu ya 4, na chini kabisa safu ya y.

Hapa kwenye −2 ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka. Tatu mara hasi mbili ni hasi sita, na mbele yake kuna alama ya kutoa. Kutoa hasi sita ni kujumlisha sita, basi y = 4 + 6 = 10. Anayefanya kwa haraka anaandika 4 − 6 na kupata −2. Dawa yake ni mabano: kila unapoweka namba hasi mahali pa herufi, ifunge kwenye mabano, 4 − 3(−2). Mabano yanakukumbusha kwamba kuna alama mbili, na kila moja ina kazi yake.

Zilizobaki ni nyepesi. x ikiwa 0, y ni 4. x ikiwa 3, y ni 4 − 9, yaani −5. Tuna (−2, 10), (0, 4) na (3, −5).

Kabla ya kuchora, soma jedwali lako kwa jicho la hatua. Kutoka −2 hadi 0, x imesogea 2 na y imeshuka 6: ni 3 kwa kila hatua moja. Kutoka 0 hadi 3, x imesogea 3 na y imeshuka 9: ni 3 tena. Zinakubaliana. Yule aliyepata −2 badala ya 10 angeona y inapanda kutoka −2 hadi 4, halafu inashuka hadi −5. Mstari hauwezi kupanda kisha ukashuka. Kosa lingenaswa kwenye jedwali, kabla ya karatasi ya grafu kuchafuka.

Na hapa nizungumzie nukta ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha ninayoyasema. Ni kweli kwamba nukta mbili zinatosha kupitisha mstari. Shida ni kwamba zinatosha hata zikiwa na makosa. Weka nukta mbili zozote popote kwenye karatasi, na rula itapita kwenye zote mbili bila kulalamika. Nukta ya tatu ndiyo yenye uwezo wa kukataa. Ikikataa kukaa kwenye mstari, usiisukume, wala usipitishe rula katikati ya zote tatu kama mtu anayepatanisha majirani. Huko kupitisha katikati kuna mahali pake, kwenye vipimo vya maabara ambavyo kila kimoja kina kasoro ndogo. Kwenye mlinganyo hakuna kasoro ndogo. Nukta iko kwenye mstari au haiko.

Mchoro hautakuambia ni ipi kati ya tatu iliyokosewa, kwani yoyote inaweza kuwa ndiyo. Rudi uzikokotoe zote, au ongeza ya nne uone inaungana na zipi. Mara nyingi utakuta moja kati ya sababu mbili: ile alama ya hasi niliyoitaja, au namba zimebadilishana viti. Katika (3, −5) namba ya kwanza ni ya x, mwendo wa kulia au kushoto. Ya pili ni ya y, mwendo wa juu au chini. Anayeanza na ya pili anaiweka nukta kwenye (−5, 3), upande wa pili kabisa wa karatasi.

Lakini niseme pia mahali ambapo nukta ya tatu haikuokoi. Tuseme mlinganyo ni y = 2x − 3, nawe ukaunakili kama y = 2x + 3. Nukta zako tatu zitapangana vizuri sana, kwa sababu umechora kikamilifu mstari wa mlinganyo mwingine. Kwa hiyo kuna ukaguzi wa mwisho: mstari ukishachorwa, chagua nukta juu yake ambayo haikuwa kwenye jedwali, soma namba zake, kisha zirudishe kwenye mlinganyo wa asili, ule ulioandikwa kwenye swali. Usizirudishe kwenye ule ulioupanga upya kwenye daftari.

Turudi kwenye mihimili. Skeli, yaani kila sentimita ya mhimili ibebe vizio (hatua za moja moja) vingapi, inatafutwa hivi: chukua thamani kubwa ya y, toa ndogo, gawanya kwa sentimita ulizonazo. Kwa jedwali letu, 10 toa −5 ni 15. Ukiwa na sentimita 18 za karatasi, skeli ya sentimita 1 kwa kizio 1 inatosha. Tuseme thamani zingetoka −7 hadi 29: hapo ni 36, na 36 kwa 18 ni 2, basi sentimita 1 ibebe vizio 2. Jibu likitoka namba yenye desimali, panda hadi namba ya karibu katika familia hii: 1, 2, 5, 10, 20, 50. Msitumie 3 wala 7. Si suala la urembo. Sentimita ikibeba vizio 5, kila mraba mdogo ni kizio 1. Ikibeba 2, kila mraba mdogo ni 0.4. Ikibeba 1, ni 0.2. Ikibeba 3, kila mraba mdogo ni 0.6, na kuitafuta 7 utahitaji miraba midogo 11 na theluthi mbili ya mwingine. Nani ataiona theluthi mbili ya milimita 2?

Mhimili wa x na mhimili wa y vinaweza kuwa na skeli tofauti, mradi uziandike zote mbili pembeni. Ila jueni kwamba mstari utaonekana mkali au mpole kuliko ulivyo. Mstari wa y = x unakata katikati kabisa ya pembe ya mihimili pale tu skeli zinapofanana.

Namba za mhimili ziandikwe penye mistari, si katikati ya miraba. Sifuri ikae pale mihimili inapokutana. Wapo wanaoanza na 1 hapo, na grafu nzima inahama. Upande wa kushoto na wa chini, hesabu inaanzia sifurini kwenda nje: −1, −2, −3. Na kuna kosa moja ambalo ni baya kwa sababu linaonekana nadhifu: jedwali lina x za −2, 0 na 3, mwanafunzi anaziandika hizo tatu tu kwenye mhimili, kwa nafasi sawa, kana kwamba toka −2 hadi 0 ni mbali sawasawa na toka 0 hadi 3. Nukta zinatoka zimepinda, naye anarudi kukokotoa jedwali ambalo halikuwa na kosa lolote. Mhimili ni kama rula: vizio vyote vimo, vitumike visitumike.

Kuhusu umbali kati ya nukta, hesabu ni rahisi na inafaa kukaa kichwani. Tuseme nukta zako mbili zimeachana sentimita 2, na moja umeikosea kwa milimita 1 tu. Ukiurefusha mstari hadi sentimita 12 kutoka kwenye ile nukta iliyo sahihi, kosa limekua mara sita, milimita 6, miraba midogo mitatu. Nukta zikiwa zimeachana sentimita 12 tangu mwanzo, kosa lilelile linabaki milimita 1 mwisho wa mstari. Ndiyo maana x za 0, 1 na 2, ambazo kila mtu huzikimbilia, ni chaguo dhaifu.

Sasa mkono wenyewe. Usiweke rula juu ya nukta, maana unene wa ncha ya penseli utausogeza mstari pembeni. Simamisha ncha ya penseli kwenye nukta ya kwanza, iache hapo, kisha leta rula taratibu mpaka iguse penseli. Penseli ikiwa kama mhimili wa mlango, zungusha rula hadi kwenye nukta ya mwisho, ukiacha uwazi mwembamba uleule wa ncha ya penseli. Tazama ukiwa juu yake, si kwa upande. Angalia nukta ya kati: je, nayo ina uwazi uleule? Kama ndiyo, bana rula kwa vidole vilivyotandazwa, viwili karibu na kila ncha, na uvute mara moja bila kusimama. Mvuto uvuke nukta za mwisho na kuendelea hadi pembezoni mwa grafu. Mstari unaokoma kwenye nukta ya mwisho ya jedwali unadai kwamba majibu yanaishia hapo. Ukiwa umepewa mipaka, mfano x kutoka −2 hadi 3 tu, hapo ndipo unapokoma. Mwisho, andika mlinganyo kando ya mstari. Grafu yenye mistari mitatu isiyo na majina haisomeki na yeyote, hata aliyeichora.

Nimekaa sana kwenye jedwali kwa sababu ndiyo njia isiyoshindwa. Lakini jedwali linaweza kukutesa au kukutumikia kulingana na x ulizochagua. Chukua y = ⅔x + 1. Ukiweka 1 na 2 unapata 1.67 na 2.33, namba zisizo na mahali pa kukaa kwenye miraba. Weka −3, 0, 3 na 6: unapata −1, 1, 3 na 5, zote kwenye makutano ya mistari ya karatasi. Chagua zinazogawanyika kwa namba ya chini ya sehemu. Sheria hiyo, hata hivyo, isikufunge macho. Kwenye y = ¾x − ½, ukiweka 0 na 4 unapata −0.5 na 2.5. Weka −2, 2 na 6: unapata −2, 1 na 4. Nusu mbili zimekutana zikafutana. Dakika moja ya kutafuta x nzuri inaokoa kumi za kukisia.

Mlinganyo ukiwa katika umbo la 3x + 4y = 24, usihangaike kuupanga upya. Funika 3x kwa kidole: inabaki 4y = 24, y ni 6, na mstari unakata mhimili wa y penye 6. Funika 4y: x ni 8, unakata mhimili wa x penye 8. Nukta ya tatu, weka x = 4: 12 jumlisha 4y ni 24, y ni 3. Angalieni mtego uliopo. x ikiwa 0, nukta inakaa kwenye mhimili wa y. Anayesikia "x" akakimbilia mhimili wa x anaziweka zote mbili kinyume, na mstari unatoka wenye mwinamo usio wake. Nukta ya tatu, (4, 3), itamkatalia.

Njia hii ina mahali inapokwama. Mstari wa 2x − 5y = 0 unakata mihimili yote miwili pale pale kwenye sifuri, hivyo unapata nukta moja tu. Ongeza (5, 2) na (−5, −2). Na kwa 5x + 7y = 9, unapata 9/5 na 9/7: sehemu mbovu, tena zilizobanana karibu na sifuri. Hapo tafuta jibu moja tu la namba nzima kwa kujaribu. x = −1 inatoa 7y = 14, y = 2. Ukishaipata hiyo moja, zilizobaki ni za bure: ongeza 7 kwenye x, punguza 5 kwenye y. Unapata (6, −3). Rudi kinyume: (−8, 7). Hasi arobaini jumlisha arobaini na tisa ni 9. Namba 7 na 5 umezichukua kwenye mlinganyo wenyewe, zikabadilishana nafasi, moja ikaongezwa na nyingine ikapunguzwa. Inafanya kazi kwa sababu 5 mara 7 inayoongezeka upande mmoja inapunguzwa na 7 mara 5 upande wa pili.

Njia ya tatu ni ya mteremko, pale mlinganyo unapokuwa y = mx + c: m ni mteremko, yaani y inabadilika kwa kiasi gani x ikiongezeka 1, na c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y. Neno mteremko linaweza kupotosha kwa Kiswahili, maana sisi tukisikia mteremko tunawaza kushuka. Katika hesabu, mstari unaopanda ukienda kulia una mteremko chanya, unaoshuka una hasi. Kwa y = −⅔x + 4, anzia 4 kwenye mhimili wa y. Kisha namba ya chini ya sehemu inakupeleka kulia, 3, na ya juu inakushusha, 2. Unafika (3, 2), halafu (6, 0). Ukitaka kushoto, geuza zote mbili: kushoto 3, juu 2, unafika (−3, 6).

Alama ya hasi inatumika mara moja tu. Anayekwenda kushoto 3 na kushuka 2 ameitumia mara mbili, na mstari wake unapanda. Mwingine anakwenda kulia 2 na kushuka 3. Na wa tatu anahesabu miraba badala ya vizio: sawa kama kila mraba ni kizio kimoja kwenye mihimili yote, lakini kama mhimili wa y unabeba vizio 5 kwa sentimita, kushuka sentimita 2 ni kushuka vizio 10. Namba nzima kama 2 ni 2/1: kulia 1, juu 2. Ila usiunganishe baada ya hatua moja. Rudia hatua nne au tano kwanza, kwa ile sababu ya nukta zilizobanana.

Kufikia umbo hilo mara nyingi kunahitaji kupanga upya, na 4x − 2y = 10 ni mfano mzuri wa panapoteleza. Hamisha 4x: −2y = −4x + 10. Gawanya kwa −2, na kila kipande kigawanywe: y = 2x − 5. Wengi huandika y = 2x + 10 kwa kugawanya kipande cha kwanza tu, au y = 2x + 5 kwa kusahau kwamba 10 nayo imekutana na hasi. Kama huna uhakika, tumia njia ya kufunika: x = 0 inatoa y = −5. Umeshajikagua.

Mistari ya x = 3 na y = −2 ni mepesi kuliko yote, na bado inachorwa kinyume. Mtu anawaza kwamba mhimili wa x umelala, basi x = 3 nayo italala. Andika nukta: (3, −4), (3, 0), (3, 5). Y ina uhuru wote, x imefungwa penye 3. Mstari umesimama wima. Hauna mteremko wa kutaja kwa namba, kwa sababu mwendo wa kulia ni sifuri na hatugawanyi kwa sifuri. y = −2 umelala, na mteremko wake ni sifuri. Hivyo viwili ni vitu tofauti.

Kazi ya grafu huonekana vizuri zaidi mistari miwili inapokutana. x + y = 7 inapita (0, 7), (7, 0), (2, 5). 2x − y = 2 inapita (0, −2), (1, 0), (5, 8). Inakatana penye (3, 4), na (3, 4) inaridhisha yote miwili: 3 na 4 ni 7, 6 toa 4 ni 2. Kwa skeli ya sentimita 1 kwa kizio 1, mkono mzuri unasoma hadi nusu ya mraba mdogo, yaani 0.1. Mistari yenye mteremko mmoja na mahali tofauti pa kukata mhimili wa y ni sambamba na haikutani kamwe. Ukiona 2x + y = 3 na 4x + 2y = 6 vinafunikana, hujakosea: ni mstari mmoja wenye majina mawili.

Kuna hali moja ambapo mchoro hata uwe safi vipi hautoshi. Chukua y = x + 1 na y = 1.1x + 0.6. Hesabu inasema inakutana penye x = 4, y = 5. Lakini penye x = 3 mstari mmoja uko kwenye 4 na mwingine kwenye 3.9: tofauti ya milimita 1. Penye x = 5, milimita 1 tena. Kila mstari wa penseli una unene wa karibu nusu milimita. Kwa hiyo kuanzia karibu na 3 hadi karibu na 5, unaloliona ni utepe mweusi, na msomaji mmoja atasema 3.5, mwingine 4.4, wote wakiwa waangalifu. Mistari ikikatana kwa pembe nyembamba namna hiyo, grafu inakuambia jirani ya jibu, na jibu lenyewe litafutwe kwa aljebra.

Sasa chukueni karatasi zenu, skeli sentimita 1 kwa kizio 1 kwenye mihimili yote miwili, na mchore 3x − 5y = 4. Tafuteni jibu moja la namba nzima, mpige hatua kwa 5 na 3. Hapa alama ni ya kutoa, kwa hiyo x na y zinapanda pamoja. Mkipata (3, 1), (8, 4) na (−2, −2), mko sawa. Mkishavuta mstari, angalieni unapokata mhimili wa y: lazima iwe miraba midogo minne kamili chini ya sifuri, −0.8. Ukikata penye mitatu au mitano, msifute mstari kwanza. Rudini mkatazame zile nukta tatu, moja baada ya nyingine.